Duka Lako Liko kwa Nani? Vijana wa Songwe Tujifunze Kujenga Tovuti Zetu Wenyewe



Leo nina swali moja kwa kila kijana anayeuza kitu kupitia simu yake, iwe vitenge pale Tunduma, kahawa ya Mbozi, mchele wa Kamsamba au asali huku kwetu. Duka lako liko kwa nani? Usinijibu kwamba liko Instagram au liko kwenye grupu la WhatsApp. Hapo ndipo lilipo, mimi nauliza mwenye funguo ni nani. Ukiamka kesho ukakuta ukurasa wako haupo, wateja wako utawapata wapi? Namba zao unazo? Picha za bidhaa zako umezihifadhi wapi? Oda za wiki iliyopita zimeandikwa kokote?

Tukijibu kwa ukweli, wengi wetu hatuna kitu. Tuna simu, tuna wafuasi elfu mbili, tuna "karibu inbox". Duka lenyewe ni la mtu mwingine, sisi tumepewa kona ya kuweka meza.

Hoja yangu ni hii. Kijana anayetaka kuishi kwa jasho lake bila kumpigia mtu magoti ajifunze ujuzi wa msingi wa tovuti, na awe na duka lake la mtandaoni ambalo funguo zake anazo mwenyewe. Ujuzi huu ni mdogo kuliko tunavyotishwa. Na nasema hapa, kwenye ukurasa wa vijana wa upinzani, kwa sababu sisi tuna sababu za kuujua kuliko mtu yeyote.

Fremu ya kupanga

Mtu yeyote aliyewahi kupanga fremu anajua maisha yake. Unapaka rangi, unaweka shelfu, unavuta umeme, wateja wanakuzoea. Siku mwenye fremu akiamka vibaya anapandisha kodi, au anakuambia mwanangu amemaliza chuo anataka kufungua duka lake hapa. Unafungasha. Wateja ulioutafuta uaminifu wao kwa miaka mitatu wanamkuta mtoto wa mwenye nyumba pale pale ulipokuwa umekaa.

Machinga anajua zaidi. Desemba 2018 waligawiwa vitambulisho kwa shilingi 20,000, wakaambiwa wafanye biashara bila kubughudhiwa. Haikufika miaka mitatu, Oktoba 2021 wakaondolewa barabarani nchi nzima, vibanda vikavunjwa, wakapelekwa maeneo ambayo mteja hapiti. Kitambulisho kilikuwa mfukoni, ila ardhi aliyosimama haikuwa yake.

Sasa sisi tunaojiona wajanja kwa sababu tunauza mtandaoni, tofauti yetu na machinga ni nini? Tumesimama barabarani pia. Barabara yetu tu haina vumbi.

Angalia kumbukumbu za miaka hii michache. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp vilizimika dunia nzima kwa saa sita hivi. Hapakuwa na siasa, ni hitilafu ya mitambo yao wenyewe, lakini aliyekuwa na duka huko alikaa anaangalia kioo cha simu. Mei 2025 mtandao wa X ukazuiwa nchini. Septemba 2025 TCRA ikasimamisha leseni ya JamiiForums kwa siku 90, na tusisahau kule watu walikuwa wanatangaza viwanja, magari na mashine zao, siyo siasa peke yake. Kisha tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima na kuanza kurejea mwanzoni mwa Novemba. Siku zile kila mmoja wetu anazikumbuka kwa namna yake, na yapo yaliyotokea ambayo ni mazito kuliko biashara yoyote. Ila na biashara nayo tuihesabu. Aliyekuwa na mzigo njiani, aliyekuwa amepokea hela ya mteja hajatuma bidhaa, aliyekuwa na oda za watu ndani ya simu, wote walikaa gizani.

Na si lazima awe serikali. Mimi mwenyewe ukurasa wangu kwenye mtandao mmoja wa kijamii ulifungwa siku kumi na moja, bila maelezo. Nilijaza fomu, nikatuma picha ya kitambulisho, nikajibiwa na mashine. Siku ya kumi na mbili ukafunguliwa, tena bila maelezo. Siku zile kumi na moja niliuza kama kawaida, kwa sababu wakati huo tayari nilikuwa na tovuti yangu na orodha ya wateja kwenye daftari.

Wapo watakaosema tutahamia kwenye soko kubwa la mtandaoni, kampuni yenye mtaji haiwezi kuyumba. Jumia ilikuwa na mtaji kuliko sisi sote. Novemba 2019 ilifunga shughuli zake Tanzania, na waliokuwa wanauza humo wakaanza upya. Kampuni ya nje inapiga hesabu zake. Hesabu zikikataa, inafunga virago, na wewe wa Vwawa haumo kwenye kikao.

Hii ni siasa, tusijidanganye

Kuna ndugu ataniuliza: kamanda, sisi tunadai Katiba mpya, wewe unatuletea habari za kuuza asali?

Ndiyo, nawaletea. Tazama vijana wanavyonyamazishwa huku vijijini. Mara nyingi hakuna anayekuja na pingu. Kijana anaambiwa tu kwamba jina lake halitapita kwenye mkopo, au kibanda chake kiko eneo lisilo rasmi, au ule mchongo wa kubeba saruji ya mradi amepewa mwenzake "mwenye adabu". Njaa inafanya kazi ambayo rungu haliwezi. Nimeona wanaharakati wazuri, wenye sauti na akili, wakikaa kimya kwa sababu kila njia yao ya kula inapita mlangoni kwa mtu mmoja.

Kwa hiyo chama kinachotaka vijana huru kisihangaikie ulimi wao tu, kihangaikie na tumbo. Kijana ambaye mteja wake yuko Mbeya, mwingine Dodoma, mwingine Lusaka, anaweza kusimama kwenye mkutano wa kijiji akauliza mapato na matumizi bila kutetemeka. Hakuna diwani anayeweza kumfungia wateja wote hao kwa siku moja.

Na huku kwetu kuna jambo la ziada. Mbangala na wilaya nzima ya Songwe tuna dhahabu, tuna ufuta, tuna misitu yenye nyuki. Tunachokosa ni mlango wa kumfikia mnunuzi wa mwisho. Bei ya ufuta wetu anaileta dalali juu ya pikipiki. Akisema leo imeshuka, imeshuka. Asali anabeba kwa ndoo, halafu unaikuta mjini kwenye chupa nzuri yenye lebo, na bei ambayo aliyerina hawezi kuinunua. Kati ya mzinga na ile chupa kuna faida, na faida hiyo inachukuliwa na yule anayejua mteja yuko wapi. Tovuti haimalizi udalali. Ila inakupa nafasi ya kuonekana na mteja bila kumwomba dalali akutambulishe.

Ujuzi wenyewe ni upi?

Hapa ndipo watu wanapotishika. Wanadhani lazima usome chuo miaka mitatu, uwe na kompyuta ya milioni mbili, ujue Kiingereza chote. Hapana. Nitaeleza hatua kwa hatua, na aliyenisoma mpaka mwisho anaweza kuanza jioni hii hii.

Kwanza, jina. Tovuti ina jina lake, kwa Kiswahili rasmi linaitwa kikoa, mtaani tunasema domeni. Unalisajili kwa msajili aliyeidhinishwa na unalilipia kila mwaka. Lipo la .com, lipo la .co.tz, ambalo usimamizi wake uko chini ya TCRA. Chagua unaloliweza, lakini zingatia jambo moja ambalo limewaliza wengi: jina lisajiliwe kwa jina lako, barua pepe yako na namba yako ya simu. Kuna dada mmoja anauza vitenge Tunduma, alimlipa fundi amtengenezee tovuti. Fundi akasajili kila kitu kwa jina lake. Mwaka ulipoisha fundi hapokei simu, na dada hana hata neno la siri moja. Ametoka kwenye fremu ya mtu akaingia kwenye mfuko wa mtu. Fundi mwajiri ukitaka, ila funguo ubaki nazo wewe.

Pili, nafasi. Tovuti lazima ikae kwenye kompyuta inayowaka usiku na mchana, inaitwa seva. Huhitaji kuinunua, unakodi kipande. Na hapa msinirudie kwamba huko nako ni kupanga. Ni kweli tunapanga, lakini tofauti ni kubwa: ukiwa na jina lako na nakala ya tovuti yako, mwenye seva akikusumbua unahama usiku, na asubuhi wateja wanaingia kwa jina lile lile. Ni kama kuhama nyumba huku mlango na kibao cha duka vinahama na wewe. Kwangu mimi, jina na nafasi kwa mwaka mzima havifikii bei ya ndoo moja ya asali ya lita 20.

Tatu, lugha ya kurasa, yaani HTML. Ni alama tu zinazoiambia simu kwamba hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hii ni picha, hiki ni kiungo. Kichwa ni h1, aya ni p, picha ni img, kiungo ni a. Ukizijua alama kumi tu unaweza kutengeneza ukurasa wa bidhaa. Mtandao huu wa tovuti ulibuniwa na Tim Berners-Lee akiwa CERN kule Uswisi, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN wakauachia dunia bure. Ndiyo maana mpaka leo hakuna anayekudai leseni kwa kuandika ukurasa wa HTML. Na uzuri mwingine kwa sisi watu wa bando la kuunga-unga: unaandika kwenye programu ya maandishi ya simu, unahifadhi faili likiishia na .html, unalifungua kwa kivinjari kama Chrome bila hata intaneti. Unakosea, unarekebisha, unafungua tena. Unajifunza usiku kucha bila kutumia hata MB moja.

Nne, kuunganisha duka na WhatsApp. Usimtupe mteja aliyezoea WhatsApp, mletee kitufe. Kiungo kinaanza na https://wa.me/ halafu namba yako ikianza na 255, bila sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Mteja akibonyeza anaingia moja kwa moja kwenye mazungumzo na wewe. Kwa asiye na WhatsApp weka kiungo kinachoanza na tel: kisha namba, akibonyeza simu inapiga. Kwa biashara ndogo, ukurasa mmoja wenye picha sita, bei zinazoonekana na vitufe hivi viwili ni duka kamili.

Tano, picha. Simu za siku hizi zinapiga picha ya MB 3 au 4. Ukiweka kumi, ukurasa unafika MB 40, na mteja wa kijijini ataondoka kabla hata hajaona asali yako. Zipunguze zifike KB 100 kila moja, ukurasa wote unakuwa kama MB 1. Programu za kupunguza picha ni za bure na zinafanya kazi kwenye simu. Piga picha mchana, nje, bila vichujio vya kubadilisha rangi, kwa sababu mteja akipokea kitu kisichofanana na picha hatarudi.

Sita, biashara ikikua. Ukiwa na bidhaa nyingi na oda nyingi, hamia kwenye WordPress, programu ya bure iliyoanza mwaka 2003, na juu yake weka WooCommerce, iliyotoka 2011, inayokupa kikapu cha mteja, hesabu ya mzigo na orodha ya oda. Hii inataka kujifunza kidogo zaidi, hasa kuihuisha mara kwa mara, maana programu iliyozeeka ndiyo dirisha la wezi. Usiikimbilie mwezi wa kwanza.

Saba, malipo. Mteja wetu hana kadi ya benki, ana simu. Tangu M-Pesa ilipoanza hapa Tanzania mwaka 2008, nchi nzima imejifunza kulipa kwa simu, kwa hiyo Lipa Namba yako iandike wazi kwenye ukurasa pamoja na jina litakalotokea mteja akilipa. Biashara ikikua kuna kampuni kama Selcom na Pesapal zinazounganisha malipo ya simu na tovuti. Lakini kwa kuanza, Lipa Namba na ujumbe wa uthibitisho vinatosha.

Nane, nakala na usalama. Kila Jumatatu nakili tovuti yako yote kwenye flashi au kwenye simu ya pili, na orodha ya wateja iandike pia kwenye daftari. Barua pepe uliyosajilia kila kitu iwekee uthibitisho wa hatua mbili, kwa sababu atakayeiba barua pepe ameiba duka. Na namba za wateja ni amana. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sisi tunaolalamika kila siku kwamba tunafuatiliwa, tuwe wa kwanza kulinda taarifa za wenzetu.

Hayo ni mambo manane. Ukiyagawa, jambo moja kila wiki, ni miezi miwili.

Uaminifu ndio mtaji

Tuongee ukweli: mtandao wetu umechafuliwa na matapeli. Nchi nzima inaujua ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Mteja wa Dodoma akiona kijana wa Mbangala anauza asali, la kwanza kuwaza ni kwamba ataibiwa. Ana haki ya kuwaza hivyo.

Hapa tovuti inasaidia kwa sababu tapeli hapendi makazi ya kudumu. Yeye anafungua ukurasa leo, anafuta kesho. Wewe weka jina lako, kijiji, kata, picha yako, namba ya TIN, na masharti ya kurudisha bidhaa. TIN inatolewa bure na TRA, na kama mauzo yako ya mwaka hayazidi shilingi milioni 4 hudaiwi ile kodi ya makadirio. Usiogope kujisajili. Mpinzani asiye na makaratasi ni zawadi kwa wanaomtafuta.

Eleza na usafiri wazi. Mzigo wangu unatoka hapa kwa pikipiki hadi Mkwajuni, unapanda basi hadi Mbalizi, kutoka pale unaunganishwa na mabasi ya mikoani. Nimeandika kwenye ukurasa siku zake, nauli ya mzigo, na kwamba mteja atatumiwa picha ya risiti ya basi. Tangu nimeandika hivyo maswali ya wasiwasi yamepungua sana.

Wenye shaka wana hoja

Najua mtakayosema. La kwanza: serikali ikizima intaneti, tovuti yako si inazimika nayo? Kwa mteja aliye ndani ya nchi, ndiyo, haionekani, na yeyote atakayekwambia vinginevyo anakuuzia maneno. Lakini duka halijafa. Bidhaa, bei, oda na namba za wateja viko salama kwenye nakala yako, unaweza kuwapigia wateja simu ya kawaida kama simu zinapita, na intaneti ikirudi duka linaamka pale pale lilipolala. Aliyefungiwa ukurasa hana uhakika huo. Kujenga tovuti hakutuondolei wajibu wa kupinga uzimaji wa intaneti. Kunatupa sababu moja zaidi ya kuupinga, na ushahidi wa hasara mkononi.

La pili: wateja wako Instagram, nani atakuja kwenye tovuti? Kweli, wapo huko. Basi endelea kuwaita huko huko. Instagram iwe kipaza sauti, tovuti iwe duka. Kila picha unayoweka iwe na jina la tovuti yako, na kila mteja anayenunua mwombe namba. Kidogo kidogo wanakuwa wateja wako, hawabaki wafuasi wa kampuni ya Marekani.

La tatu: je, sheria? Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilileta leseni na ada ambazo jumla yake ilifika kama shilingi milioni 2.1, na wanablogu wengi wakafunga. Mwaka 2022 ada ya leseni ikapunguzwa. Kanuni zile zililenga blogu, majukwaa na televisheni za mtandaoni, siyo muuza karanga. Lakini hofu haichagui, na kuna vijana mpaka leo wanadhani kuwa na tovuti ni kosa. Siyo kosa. Ila tenganisheni duka na siasa: makala kama hii iwe huku, asali iwe kule. Mteja wako anaweza kuwa wa chama chochote, na asali haina kadi.

Tunachodai, na tunachofanya

Serikali yenyewe imezindua Mkakati wa Taifa wa Uchumi wa Kidijitali wa 2024 hadi 2034. Vizuri. Basi tuulize maswali kwa mujibu wa mkakati wao. Uchumi wa kidijitali unawezekanaje katika nchi ambayo intaneti inazimwa kama taa ya sebuleni? Mkongo wa Taifa umefika Tunduma na kuungana na Zambia. Mbona kwetu bado tunapanda kichuguu kutafuta mtandao? Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili maeneo kama haya yasisahaulike. Tuwaulize wabunge na madiwani, wa chama chochote, minara ya kata zetu iko kwenye orodha gani.

Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu, nayo tuidai kwa macho mapya. Kikundi cha vijana watano wanaotaka mkopo wa simu nzuri, jina la tovuti na mashine ya kufungia chupa kiheshimiwe sawa na kikundi cha bodaboda. Na shule zenye kompyuta zifunguliwe Jumamosi kwa vijana wa mtaani. Kompyuta iliyofunikwa kitambaa wiki nzima haimfundishi mtu.

Lakini tusikae tukisubiri. Kila tawi letu lina angalau kijana mmoja anayejua zaidi ya wenzake. Huyo apewe kazi. Jumamosi moja, chini ya mwembe, watu kumi, simu kumi, hakuna posho. Wiki ya kwanza kila mmoja aandike ukurasa wenye jina lake, bidhaa yake na namba yake, bila intaneti. Wiki ya pili picha. Wiki ya tatu viungo vya WhatsApp na simu. Wiki ya nne wachangishane kununua jina moja la kikundi na kupandisha kurasa zote kumi chini yake. Akina dada wapewe nafasi ya mbele, maana wao ndio wanaouza kweli. Sisi wengine tunapiga soga.

Huku Mbangala tumeanza tukiwa saba: wawili ufuta, mmoja karanga, mmoja anashona mikoba, mmoja mchimbaji anayekodisha pampu za maji, mmoja fundi simu, na mimi na asali yangu. Yule mchimbaji ndiye aliyeshika haraka kuliko wote, na darasa la saba ndiyo elimu yake. Anasema HTML ni kama shimo: ukifungua, ufunge, la sivyo litakuangukia.

Tawi litakaloanza litujulishe, tutatuma maelezo yetu yote bure, tena kwa Kiswahili. Makamanda wa Tunduma, ninyi mna umeme, mna mtandao, mna mpaka na wateja wa Nakonde wanaovuka kila siku. Sisi wa kichuguuni tumeanza. Ninyi mnaanza lini?